Mchoraji wa Dar: ubaki na ajira, uingie ushirika au ujitegemee?

Nilipokuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kila aliyenikuta njiani jioni aliniambia "pole na kazi". Mama ntilie, konda, mlinzi wa nyumba ya pili, wote. Mwezi mmoja baada ya kuacha, nilitoka nje alasiri moja nikiwa nimekaa na picha tangu alfajiri, mgongo umekufa ganzi, na mama ntilie yuleyule akaniuliza, "Leo hukwenda kazini, baba?" Halafu akaona rangi imenipanda hadi kwenye viwiko. "Au unapaka geti?" Nikamwambia ndiyo, napaka geti. Hapo ndipo akanipa pole.

Sijutii uongo ule. Nchi hii imelelewa kwenye kazi. TANU ilituimbisha Uhuru na Kazi, mwaka 2015 tukaambiwa Hapa Kazi Tu, na kati ya hapo shuleni tulichapwa kwa kuchora pembeni ya daftari la hisabati. Hata salamu zetu zinaulizia kazi kabla ya kuulizia afya. Na kazi, kwa masikio ya wengi, ni ile inayokutoa nyumbani asubuhi, ina bosi na ina mwisho wa mwezi.

Wiki mbili zilizopita binti mmoja, keshia wa supamaketi anayeishi Tabata, alinionyesha picha zake kwenye simu. Anajua kuchora nyuso za watu waliochoka. Akaniuliza, "Kaka, niache kazi?" Sikumjibu siku ile. Nilichoandika hapa ndicho nilichokwenda kukifikiria. Kuna njia nne ambazo mchoraji wa mji huu hupitia. Tatu nimezipita mwenyewe, moja nimeitazama kwa karibu kupitia rafiki. Ninazungumzia uchoraji tu. Mwanamuziki ana mahesabu yake.

Ajira mchana, brashi muda unaobaki

Njia hii inadharauliwa sana vijiweni. Ukisema una ajira, unaonekana mwoga, msanii wa Jumapili. Sasa tuwatazame waliotutangulia. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909, alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kwenye ofisi nyingine za serikali, zaidi ya miaka thelathini kwa jumla. Vitabu vyote vile vimetoka kwa mtu aliyekuwa na meza ya ofisi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji unaoitwa kwa jina lake, alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, na hata picha zilipoanza kununuliwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, alipata ajira Hospitali ya Muhimbili akaishika huku akiendelea kuchora. George Lilanga, ambaye kazi zake zilikuja kuzunguka dunia, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar. Kwa hiyo hii habari kwamba msanii wa kweli lazima aache kazi sijui tuliitoa wapi. Wazee wetu hawakuifuata.

Faida za ajira zinajulikana. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anabeba angalau nusu. Mtoto akiugua kuna kadi ya bima. Ukitaka mkopo unatoa karatasi ya mshahara, huanzi kujieleza. Lakini faida kubwa kuliko zote haimo kwenye karatasi hiyo: picha yako hailazimiki kuuzwa. Nikiwa karani nilikaa miaka miwili nikichora wanawake waliovaa kanga, wote kwa mgongo. Wanapanda daladala, wanasubiri kliniki, wanachota maji. Uso hata mmoja haupo. Hakuna aliyenunua, na wala sikuumia, kwa sababu tarehe 28 ilifika kama kawaida. Zile ndizo picha zangu nzuri hadi leo.

Hasara ni muda, na hapa lazima tuwe wakweli. Nilikuwa naishi Mbagala Rangi Tatu. Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Miezi ya mwanzo nilijaribu kuchora usiku. Chumba kimoja, mke na mtoto wamelala, harufu ya rangi ya mafuta imejaa, dirisha liko wazi na mbu wanajipakulia. Tatizo kubwa likawa balbu. Ilikuwa ya mwanga wa njano, na chini ya mwanga huo rangi ya njano na nyeupe zinafanana. Unaongeza njano kwa sababu huioni, unaongeza tena, unalala umeridhika. Asubuhi ukivuta pazia, kila uliyemchora ana homa ya manjano. Nilitupa silingibodi nne kabla sijaelewa kwamba kosa halikuwa la mkono.

Nikahamia Jumapili. Kila Jumapili nachora kwa muda wa saa saba, mchana, dirishani. Kwa mwezi ni saa 28. Shika namba hiyo, tutairudia.

Kazi iliyo jirani na sanaa

Hii ndiyo njia ambayo wazazi na walimu huipendekeza kwa nia njema: "Si unapenda kuchora? Basi fanya kadi za harusi, fulana, matangazo." Nilifanya mwaka mmoja kwenye duka la uchapaji. Unakaa kwenye kompyuta, mteja kasimama nyuma ya bega lako. "Ongeza ua hapo. Jina la bwana harusi liwe kubwa. Hapana, la bibi harusi lisizidiwe. Weka na njiwa." Unaweka njiwa. Saa kumi na mbili unafunga duka, na unapofika kwenye ubao wako unakuta ile sehemu ya kichwa inayochagua rangi na kupanga vitu imetumika yote kwa njiwa.

Karani anatumia kichwa kimoja kazini na kingine nyumbani. Mbunifu wa matangazo anateka maji ya kuuza na ya kunywa kwenye kisima kimoja, na jioni kamba haifiki chini. Nina jamaa anaendesha bodaboda, amemaliza picha nyingi mwaka jana kuliko rafiki zetu watatu walioko kwenye ofisi za matangazo ukiwajumlisha. Mshahara wa matangazo ni mzuri, sikatai. Lakini ukiniuliza ni njia ipi kati ya nne inayoua wachoraji wengi kimyakimya, ni hii, kwa sababu kila siku unajiambia kwamba umechora.

Uchoraji wa mabango ya mkono ungekuwa tofauti kidogo, maana fundi bango alikuwa na brashi halisi, lakini mashine za kuchapa zimeumaliza.

Kufundisha hakumo kwenye lawama hizo. Sam Ntiro alikuwa mchoraji na mwalimu wa Makerere kabla ya kuwa balozi wetu wa kwanza London, na Elimo Njau, mtoto wa Kilimanjaro, alifundisha na kuchora, akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa pale Nairobi mwaka 1965. Ukifundisha unalazimika kusema kwa mdomo kile ambacho mkono umezoea kukifanya bila kuulizwa, na mara nyingine ndipo unapogundua kwamba mkono ulikuwa unadanganya. Ubaya wake ni nafasi. Shule zenye somo hili ni chache, na Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 ambacho sasa ni TaSUBa, hawaajiri kila siku.

Ushirika na karakana

Baada ya Tingatinga kuuawa kwa risasi mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao, Oysterbay hukohuko. Hapo ndipo alipo rafiki yangu. Utaratibu ni wa kukaa na kutazama. Unakuja, unapewa kona, unaanza kwa kupaka rangi ya chini ya mtu mwingine. Ukizoea unaachiwa nukta na manyoya. Baadaye unapewa mnyama mzima. Hakuna ada ya kutisha, hakuna cheti, na ndani ya miezi michache mkono wako umeshatulia na rangi za mng'ao ambazo hazisamehe mtu mwenye kutetemeka. Wachongaji wa Mwenge wanaokaa na mpingo wao wana mfumo unaofanana.

Ukilinganisha na njia nyingine, hapa ndipo kijana asiye na mtaji anapoanza kuuza mapema kuliko kote. Mteja anakuja mwenyewe. Ukifiwa, wenzako wanachanga. Ukiumwa, kuna atakayesema picha zako ni zipi na bei yake ngapi.

Malipo yake ni haya. Mgeni anayeshuka kwenye gari anataka tembo, chui, tausi, mbuyu na jua linazama. Ukibuni kitu kipya kikauzika, wiki ijayo kiko kwenye meza tatu, na jirani yako ameshusha bei. Huwezi kumshtaki, maana na wewe ulijifunza hivyohivyo. Halafu wateja wote wanatoka mlango mmoja. Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposimama, rafiki yangu alikaa miezi na tausi kumi na tisa ukutani. Anasema waliota vumbi hadi wakaanza kufanana na kuku.

Ila yeye ana ujanja ambao nauheshimu. Jumatatu hadi Alhamisi anachora tausi. Ijumaa anafunga mlango wa chumba chake Msasani, anachora mambo yake, ambayo hayana mnyama hata mmoja. Nilipomuuliza kama hachoki na tausi, alisema, "Tausi ni mwajiri wangu. Hachelewi, hanitukani, na Ijumaa ananipa ruhusa."

Kujitegemea

Niliacha kazi nikiwa na akiba ya miezi mitano. Hapo unaingia kwenye mji mwingine kabisa ndani ya Dar. Kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, iliyoanza 2008, ambapo wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena yaliyogeuzwa studio. Hata usipopata kontena, nenda, kwa sababu ukikaa peke yako miezi sita unaanza kuona kila picha yako ni bora. Kuna maonesho kwenye vituo vya utamaduni vya kigeni, kuna hoteli, kuna wachache wanaokununulia moja kwa moja.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba fedha ya msanii huja kwa mafungu. Miezi minne kimya, halafu milioni mbili siku moja. Ajabu ni kwamba hili linaendana vizuri na kodi ya nyumba ya Dar, maana mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Mwenye mshahara anahangaika na kikoba ili apate mkupuo huo. Mimi niliuza picha mbili nikalipa nusu mwaka. Kilichonishinda ni vitu vya kila wiki: unga, umeme, nauli. Na mchezo wa mtaani. Nilikuwa mwanachama wa mchezo wa kuchangiana fedha kila mwezi na majirani. Walipojua nimeacha kazi, mama mweka hazina alikuja na sahani ya vitumbua, tukazungumza habari za watoto, na kabla ya kuondoka akasema, "Safari hii baba pumzika kwanza, utaingia mambo yakikaa vizuri." Vitumbua vilikuwa vitamu. Nilivila nikijua ni barua ya kuachishwa.

La pili ni mali kauli. Hoteli moja ilichukua picha zangu tano kwa utaratibu huo: wauze, wachukue chao, wanilipe. Nililipwa ya tatu baada ya miezi tisa. Mbili zilirudishwa, moja ikiwa na duara la kikombe cha kahawa kwenye kona, maana mtu aliilaza akaifanya meza. Sasa natoa picha kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudishiwa na sahihi ya aliyepokea, na ninaipiga picha siku ya kuikabidhi. Pia nimejisajili BASATA, baraza la sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watu huziona kama foleni tu, lakini siku utakapokuta mchoro wako kwenye fulana Kariakoo, karatasi ya COSOTA ndiyo itakayokupa pa kuanzia. Na TIN, namba ya mlipa kodi, uwe nayo. Taasisi nyingi hazikulipi bila hiyo, hata wakikupenda vipi.

Sasa turudi kwenye zile saa 28. Nilipoacha kazi niliamini nitachora saa mia mbili kwa mwezi. Nilikuwa na daftari, na karani haachi ukarani, nikaandika. Mwezi wa tatu tangu niache, nilipojumlisha za mwezi huo nilipata saa 71. Siku nyingine zilikwenda kwenye kufuatilia malipo, kubeba fremu kwenye bajaji, kuandika maombi ya ufadhili, na kuhudhuria hafla za watu kwa sababu "lazima uonekane". Saa 71 ni zaidi ya 28, tena mbali. Kinachostahili kulipiwa katika saa hizo ni mfululizo wake. Ukiwa siku ya tano ndani ya picha moja bila kukatishwa, mkono unaanza kufanya mambo ambayo Jumapili haikupi. Sijapata njia ya kuiga hilo kwa ajira ya kutwa.

Lakini kuna jambo ambalo daftari halikulionyesha. Mwaka wa pili mgeni mmoja alikuja kutazama kazi zangu, nami nikazipanga ukutani. Nilipokaa nyuma yake nikaona nimechora Wamasai saba. Shuka nyekundu, fimbo, machweo. Hakuna mtu aliyeniagiza. Sikumbuki hata siku niliyoamua. Njaa ndiyo iliyokuwa imeshika brashi, na wale wanawake wangu wa kanga walikuwa wamegeuzwa ukutani tangu mwezi wa sita. Nilimwacha bosi Kurasini, nikamkuta amekaa kwenye kanvasi.

Nyumbani na ukweni

Kipimo hiki hakimo kwenye semina za wasanii, na ndicho kinachoamua. Ndugu yangu mdogo, naye mchoraji, alipotaka kuoa, mshenga alirudi na swali moja. "Wanauliza kijana anafanya kazi gani." Tukasema mchoraji. "Hilo nimewaambia. Wameuliza, sawa, na kazi?" Mwenye ajira haulizwi. Aliye kwenye duka la uchapaji anajibiwa kwa neno moja, kompyuta, na wazee wanatikisa kichwa kwa heshima. Wa ushirika ana biashara, na biashara inaeleweka. Anayejitegemea ndiye anayehitaji mshenga mwenye ulimi. Wa kwetu alisema kijana ni mfanyabiashara wa bidhaa za utalii. Ndoa ikafungwa.

Kwa mwanamke hesabu inageuka. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, huchora saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nilimshauri aache kazi, mjinga mimi. Akanijibu kwamba akiacha, ndugu wote watamhesabu yupo tu nyumbani: mgonjwa ataletwa kwake, mtoto wa wifi ataachwa kwake, fundi wa maji atasubiriwa na yeye. Ajira ndiyo inayompa ruhusa ya kutokuwepo. Alichofanya ni kukodi meza kwenye karakana ya fundi cherehani, mtaa wa tatu, na kila Jumamosi anaaga kwamba anakwenda kazini. Tangu aanze kusema hivyo hajazuiwa.

Mimi ningechaguaje

Kama wapo wanaokula kwa mkono wako, baki na ajira, ila badilisha ajira. Usitazame mshahara peke yake, tazama inakuachia saa zipi za mwanga. Kazi ya zamu, iwe ulinzi, uuguzi au kaunta, ni bora kwa mchoraji kuliko ofisi nzuri inayomeza mchana wote.

Kama una miaka kumi na tisa, huna mtaji na mkono bado haujakomaa, nenda ushirika, kaa miaka miwili, chora tausi mpaka uwaote. Kisha tafuta Ijumaa yako.

Kujitegemea ni pale ambapo picha zako zimeshauzwa mara kadhaa bila wewe kuwepo kuzieleza, na una kodi ya miezi sita pembeni. Mimi niliondoka na sharti moja kati ya hayo, na nusu. Kazi ya jirani na sanaa ningeiweka mwisho, isipokuwa kufundisha.

Sasa hivi niko katikati. Siku tatu kwa wiki nafanya nyaraka za mizigo kwenye kampuni nyingine, siku nne nachora. Wanawake wa kanga wamerudi, na mmoja ameanza kugeuka. Sikio lake linaonekana.

Yule binti wa Tabata nilimpigia juzi. Sikumwambia aache wala asiache. Nilimuuliza dirisha la chumba chake linatazama wapi. Akacheka, akafikiri kidogo, akasema mashariki. Nikamuuliza zamu yake inaanza saa ngapi.

"Saa sita mchana, kaka."